Mbwa Asiyesema na Mbwa Asemaye Mno: Habari za Mbwa Katika Hadithi za Upelelezi za Watoto

Waswahili husema, ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Methali hiyo hutumiwa kumwonya mtu anayejizoeza na wasiomfaa, asije akaaibika mbele za watu wa heshima. Sisi twaitumia hapa kwa maana iliyo karibu na ile ya asili. Mbwa alianza kuchezewa katika hadithi za upelelezi mwishoni mwa karne ya 19, naye hakutoka tena. Amewafuata wapelelezi wa vitabuni kila waendako, na kuanzia miaka ya 1940 amewafuata hadi katika vitabu vya watoto, ambako alipewa cheo, kisha jina kwenye jalada, na mwishowe akashika kalamu akawa msimulizi mwenyewe.

Huenda msomaji wa jarida kama hili akauliza kuna haja gani ya kutumia kurasa za wasomi kwa vitabu vya kuchekesha watoto. Jibu letu ni fupi. Kitabu ambacho mtoto hukisoma bila kulazimishwa na mwalimu ndicho kinachomwonyesha kwamba kusoma kuna raha. Na watoto wengi wa Afrika ya Mashariki waliopita shuleni katika kizazi chetu raha hiyo waliionja kwanza kwa lugha ya kigeni, aghalabu katika kitabu cha Enid Blyton kilichokwisha kupoteza jalada kwa kupita mikono mingi. Iwapo twataka ionjwe kwa Kiswahili, hatuna budi kujua hadithi hizo zimeundwaje, na hasa ni mahali gani zinapokataa kutafsirika.

Asili ya mambo haya ni Arthur Conan Doyle. Katika The Sign of Four, kilichotoka mwaka 1890, Sherlock Holmes anamtuma Watson usiku kwenda Lambeth akamlete Toby, mbwa chotara mwenye nywele ndefu na masikio yaliyolegea, asiyependeza hata kidogo kwa macho. Mshukiwa amekanyaga kreosoti, yale mafuta meusi yapakwayo mbao zisioze, na Toby anaifuata harufu hiyo mtaa kwa mtaa, yule mpelelezi mashuhuri kuliko wote akimwandama nyuma kama mtumwa. Safari inaishia katika uwanja wa kuuzia mbao. Toby anapanda juu ya pipa, ulimi nje, akiwatazama mabwana wale kwa zamu ili apate sifa zake. Pipa lenyewe ni la kreosoti. Holmes na Watson wanaangua kicheko.

Kwa maoni yetu, hadithi zote tutakazozitaja hapa zimo tayari juu ya pipa lile. Ipo pua isiyokosea, lipo hitimisho lililokosea, na ipo fahari ya mnyama asiyejua kwamba amekosea. Doyle alimtumia mbwa kwa njia nyingine mbili pia. Katika hadithi fupi ya "Silver Blaze" (1892) mbwa wa zizini anatoa ushahidi kwa kunyamaza: hakubweka usiku ule kwa sababu aliyeingia alikuwa mtu amjuaye. Na katika The Hound of the Baskervilles, iliyochapishwa kwa sehemu katika gazeti la Strand mwaka 1901 na 1902, mbwa amepakwa dawa ya kung'aa gizani ili watu wadhani ni zimwi. Mbwa wa kutisha na mbwa wa kunyamaza walibaki na watu wazima. Watoto walimrithi Toby.

Tintin na mbwa wake Milou walitokea Ubelgiji tarehe 10 Januari 1929, katika nyongeza ya gazeti iliyoandaliwa kwa watoto. Milou wa mwanzo husema, naye husema kwa kejeli. Kadiri miaka ilivyopita Hergé alimpunguzia maneno akamwachia tamaa zake mbili, mifupa na pombe. Hatutakaa sana kwake, maana yeye ni wa picha zaidi kuliko wa maneno, na kitabu cha pili cha mfululizo ule, kile cha Kongo, kina sura za Waafrika ambazo kila mhakiki wa kwetu amekwisha kuzilaani kwa haki. Inatosha kukumbuka kwamba katika ile habari ya fimbo ya mfalme Ottokar, ya mwaka 1938 na 1939, mbwa huyu mwizi wa mifupa ndiye anayeiokota fimbo na kuifikisha kwa mfalme, na ufalme ukapona.

Sasa tufike kwa Enid Blyton mwenyewe. Alizaliwa London mwaka 1897 akafariki mwaka 1968, naye aliandika kwa kasi ambayo iliwafanya wengine wamshuku kuwa ana waandishi wa kukodi. Wakubwa wa BBC walimkataa kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1930 hadi ya 1950, kwa kuwa kazi zake hazikufikia kiwango walichokitaka. Watoto hawakuulizwa, na wangeulizwa wasingekubali. Mwaka 1942, katikati ya vita, karatasi zikiwa za mgao, alitoa Five on a Treasure Island, kitabu cha kwanza kati ya 21 vya watoto wanne na mbwa aitwaye Timmy. Mwaka uliofuata, 1943, alitoa The Mystery of the Burnt Cottage, cha kwanza kati ya 15 vya watoto watano na mbwa aitwaye Buster. Mfululizo huu wa pili ulikoma mwaka 1961, nao ndio unaotuhusu zaidi, kwa sababu ndio unaochekesha.

Mahali pake ni kijiji cha Peterswood. Watoto ni Larry na dada yake Daisy, Pip na mdogo wake Bets, na Fatty, kijana mnene mwenye majivuno na akili nyingi, ambaye herufi za mwanzo za majina yake matatu ndizo zilizompa jina la utani. Mbwa wa Fatty ni Buster, teria mweusi wa Kiskoti, mfupi wa miguu. Adui yao ni Bwana Goon, polisi wa kijiji. Kila fumbo likitokea, nyumba imeungua, paka wa thamani ameibwa, barua zisizo na jina zinasambazwa, Goon hushika mwelekeo usiofaa na watoto hushika ulio sawa. Fatty hujibadili sura akawa mzee au mchuuzi, hutoka katika chumba kilichofungwa kwa ufunguo, huandika kwa wino usioonekana. Na Buster, kazi yake kubwa ni vifundo vya miguu ya Goon. Kila polisi anapofungua kinywa kuwafukuza watoto, mbwa huyo hucheza kuzunguka suruali yake. Kitendo ni kile kile kitabu hata kitabu, na msomaji hukingoja kama vile msikilizaji wa ngano anavyokingoja kiitikio.

Tukimtazama Buster kama mpelelezi twaona jambo la ajabu. Yeye hujua mengi kuliko wote. Pua yake humwambia nani yuko nyuma ya pazia, nani alipita, mtu gani aliyejivika ndevu ni yule yule wa jana. Lakini hana lugha ya kuyaeleza. Watoto nao wana lugha, lakini wakisema hawasadikiwi: Goon huwafukuza, wazazi huwaambia waache kujiingiza katika mambo ya wakubwa. Kwa hiyo mbwa na mtoto wako upande mmoja wa ukuta. Mmoja anajua na hawezi kusema. Mwingine anasema na hasikilizwi. Hapo ndipo penye siri ya mapenzi ya watoto kwa vitabu hivi, wala si katika mafumbo yenyewe, ambayo msomaji mzima huyafumbua kabla ya kufika nusu ya kitabu.

Wala mapenzi ya Blyton kwa ulimi wa mbwa hayakuanza na Buster. Katika miaka ya 1920 na 1930 aliandika katika gazeti la walimu barua zilizodaiwa kuandikwa na Bobs, mbwa wake mwenyewe wa nyumbani, na mwaka 1933 zikakusanywa kuwa kitabu. Bobs alikufa mwaka 1935. Barua ziliendelea. Wasomaji wadogo hawakuambiwa lolote, na mbwa aliyekwisha zikwa akaendelea kuwasimulia habari za bustani na za watoto wa nyumbani. Wako wanaosema kwamba hiyo ni dalili ya mwanamke asiyeweza kuyakubali mauti. Yawezekana. Sisi twaona pia kwamba ni mwandishi aliyegundua jambo la ufundi: sauti ya msimulizi mnyama haihitaji mnyama.

Kuna jambo la hesabu ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kulipita. Mfululizo wa Timmy unahesabu watano, na wa tano ni mbwa. Mfululizo wa Buster unahesabu watano, kisha unaongeza mbwa nje ya hesabu. Katika Kiingereza tofauti hiyo ni ya adabu tu. Katika Kiswahili imo ndani ya sarufi. Tukisema "Watano", kiambishi wa- kinampokea Timmy bila kuuliza, maana mbwa, ijapokuwa jina lake liko katika ngeli ya N, hupatana kama kiumbe chenye uhai: mbwa amekuja, mbwa wawili wamekuja. Lakini mlango huo si wazi kabisa. Twasema rafiki yangu, ndugu yangu, shangazi yangu. Na mbwa twasema mbwa wangu. Majina yote hayo ni ya ngeli moja, yote hufuatwa na a- na wa- katika kitenzi, lakini kimilikishi kinatenga binadamu upande wake na mnyama upande wake. Mtafsiri atakayemtia Timmy katika Watano atalazimika, kila ukurasa, kuchagua kati ya "rafiki yetu Timmy" na "mbwa wetu Timmy", na watoto wa kitabu kile wangependa awe wa kwanza daima.

Na mtu asidhani kwamba hesabu ya watu na mbwa wao ni jambo geni pwani. Kila aliyesoma chuoni anaijua Sura ya Pangoni, isomwayo siku ya Ijumaa, na habari ya vijana waliolala miaka mingi huku mbwa wao amenyosha miguu mlangoni. Watu wanabishana kuhusu idadi yao, na kila idadi inayotajwa humtaja mbwa kwa nafasi yake: wa nne, wa sita, wa nane. Twalitaja hili kwa sababu hoja ya kwanza tunayoisikia, kila tunapozungumzia hadithi za mbwa kwa Kiswahili, ni kwamba msomaji Mwislamu atazichukia. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa pwani, mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini najisi ni hukumu ya tohara. Haikumzuia mbwa wa msasi kuwinda, wala haikumzuia yule wa pangoni kuhesabiwa. Mtoto wa Mvita anaweza kumcheka Buster pasipo kumlaza kitandani mwake.

Pingamizi iliyo nzito zaidi, kwa maoni yetu, haitoki pwani bali bara. Katika Peterswood mbwa anapomng'ata polisi, sote twacheka, kwa kuwa polisi ni mwenye nguvu na mnyonge amepata mtetezi. Lakini mtazame tena huyo mnyonge. Fatty ni mtoto wa tajiri, ana mpishi nyumbani na fedha mfukoni, na rafiki yake ni Inspekta Jenks, mkubwa wa Goon. Goon ni mtu wa tabaka la chini, na namna anavyotamka maneno imeandikwa kwa tahajia ya kuchekesha ili tusisahau jambo hilo. Mbwa wa mwenye mali anamuuma mwajiriwa, na bwana mkubwa anapofika anatabasamu. Nchini Kenya kicheko hicho kina kumbukumbu nyingine. Mwezi Oktoba 1959, Nairobi, Kamawe Musunge, mtumishi wa nyumbani, aliwarushia mawe mbwa waliomshambulia akiwa njiani na baiskeli yake. Mwenye mbwa, mlowezi Peter Poole, alimpiga risasi akamwua. Poole alihukumiwa akanyongwa tarehe 18 Agosti 1960, na hilo la Mzungu kunyongwa kwa kumwua Mwafrika halikuwa limepata kuonekana katika koloni ile. Tangu wakati huo mabango ya "Mbwa Kali" hayajatoka malangoni. Wenye malango wamebadilika rangi tu. Na katika Matigari (1986) Ngũgĩ wa Thiong'o anatuonyesha polisi wenyewe wakiwa na mbwa, wakimtisha mwanamke hadharani, na umati umesimama ukitazama.

Hatusemi kwamba kwa sababu hiyo Buster asisomwe. Twasema kwamba kicheko hutegemea ni nani aliyeshika ukamba, na mtafsiri asiyeliona jambo hilo atashangaa kwa nini wasomaji wake wa Thika au Nakuru hawacheki pale walipocheka watoto wa London.

Ni huko Marekani ambako ukamba ulikatwa. Mabadiliko yalianza kwa kumdhalilisha mbwa. Tarehe 13 Septemba 1969 televisheni ya CBS ilianza kuonyesha katuni za Scooby-Doo, mbwa mkubwa wa umbo, mwoga kupita kiasi, ambaye huingia katika nyumba za mizimu kwa kuhongwa vitafunio. Mwisho wa kila kipindi mzimu huvuliwa kinyago na kuonekana ni binadamu mwenye tamaa. Marjorie Weinman Sharmat alianza vitabu vyake vya Nate mwaka 1972, mtoto mpelelezi apendaye chapati za maji kuliko kitu chochote, akampa mbwa msaidizi katika kitabu cha pili mwaka 1974. Kisha, mwaka 1979, kikatoka Bunnicula, kilichoandikwa na Deborah Howe na mumewe James. Bibi huyo alikufa mwaka 1978 kabla hajakiona kimechapwa. Humo mbwa aitwaye Harold ndiye msimulizi, naye anadai kwamba ameupeleka muswada wake kwa mhariri kwa mdomo wake mwenyewe. Fumbo ni la mboga: usiku nyanya na mboga nyingine zinafyonzwa rangi zikabaki nyeupe, na paka wa nyumbani, msomaji mno wa vitabu vya kutisha, anashuku kwamba sungura mgeni ni mnyonya damu. Harold ni mpole, mzito wa kufikiri, mpenda keki. Yeye ni Watson wa miguu minne: anasimulia ujanja wa mwenzake asioufahamu vema.

Hatua ya mwisho ilikuwa kumfanya msimulizi awe Holmes kwa madai yake na Toby kwa matendo yake. Aliyeichukua ni John R. Erickson, aliyezaliwa Texas mwaka 1943 na kulelewa katika mji wa Perryton, kaskazini kabisa ya jimbo hilo. Alikuwa mchunga ng'ombe wa kazi, si wa sinema. Aliandika kwa miaka mingi, wachapishaji wakamrudishia miswada yake, na mwaka 1982 akaanzisha kampuni yake mwenyewe kwa fedha za kukopa, Maverick Books. Mbwa Hank alikuwa amekwisha tokea katika hadithi fupi ndani ya jarida la wafugaji wa ng'ombe. Mwaka 1983 kilitoka kitabu chake cha kwanza, The Original Adventures of Hank the Cowdog, kwa michoro ya Gerald L. Holmes. Tangu hapo vimetoka zaidi ya 75.

Yafaa kusisitiza kwamba Erickson hakuandika kwa watoto. Wasomaji wake wa kwanza walikuwa watu wa ranchi, waliojua mbwa wa zizini anavyofanana na meneja aliyejipa kazi. Yeye mwenyewe huzisoma hadithi zake mbele ya watu, shuleni na penginepo, na amezirekodi kwa sauti zote za wahusika pamoja na nyimbo. Mwaka 1985 CBS iliitengenezea katuni, na mwaka 2020 ikafuata michezo ya kusikilizwa, sauti ya Hank ikiwa ya mwigizaji Matthew McConaughey. Kwa sisi tuliolelewa na fasihi simulizi hapana ajabu hapo: hadithi hizi zimejengwa kwa ajili ya sikio, na mtoto azisomaye kimya hupoteza nusu yake.

Hank anajiita Mkuu wa Ulinzi wa Ranchi. Hulala juu ya gunia chini ya matangi ya petroli, huoga katika maji yanayofurika kutoka tangi la maji machafu, na humbwekea mleta barua kila siku kwa kuamini kwamba ameliokoa taifa. Msaidizi wake ni Drover, mbwa mdogo mwoga, ambaye kila hatari ikikaribia mguu wake wa zamani huanza kuuma. Adui yake ni paka Pete, ambaye humshinda kila mara bila kunyanyua sauti. Wenye ranchi ni Loper na mkewe Sally May. Katika kitabu cha kwanza kuku anauawa, uchunguzi unaanza, na baada ya misukosuko mpelelezi mwenyewe anakata tamaa ya kazi ya sheria akaenda kuishi na koyote, wale mbwa mwitu wa nyika za Texas.

Hapa ndipo tunapoona kwamba Erickson amemgeuza Buster ndani nje. Buster alijua na hakuweza kusema. Hank anasema, anasema mno, anasema kwa lugha ya taarifa za polisi, akiandika saa, mahali na hali ya hewa. Na hajui kitu. Msomaji wa miaka minane huona nyuma ya maneno yake mambo ambayo msimulizi hayaoni. Husoma kwamba Hank amemkabili adui wa kutisha gizani, akatambua kwamba adui ni kifaa cha kawaida cha shambani. Husoma kwamba Pete amekubali kushindwa, akajua kwamba Pete amekula chakula chote. Mtoto aliyekuwa hasikilizwi katika Peterswood sasa amekuwa ndiye ajuaye. Wanaofundisha uhakiki wanaweza kutumia saa nyingi kueleza msimulizi asiyeaminika ni nini. Watoto wa Texas hujifunza kwa mbwa mmoja kabla ya kufika darasa la nne, bila kujua kwamba wamejifunza.

Kwetu ngano zina sungura, na sungura ni mwerevu kweli. Fisi ni mjinga, na ujinga wake twauona kwa nje, kwa macho ya msimulizi ambaye ni binadamu. Hakuna ngano ambayo fisi huachiwa jukwaa peke yake atueleze, kwa nafsi ya kwanza, jinsi alivyomshinda sungura. Nayo riwaya yetu ya upelelezi ilianza na werevu pia. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa mwaka 1960, na humo Bwana Msa, mwanafunzi wa wazi wa Holmes hata kwa kiko chake, anathibitisha kwamba mauaji yaliyofanyika penye mzimu ni kazi ya mikono ya watu. Bwana Msa ana Najum, kama Holmes alivyo na Watson. Hana Toby. Unguja ya hadithi zile haimhitaji mbwa. Ina umbeya, ina barua, ina nasaba, na mwenye kujua kuuliza hafuati harufu.

Basi mtu akitaka kuzileta hadithi hizi kwa Kiswahili leo, kazi yake ngumu haitakuwa mbwa bali mizaha ya maneno. Katika kitabu cha kwanza cha Buster, Bets mdogo, aliyekuwa hajasikia neno la Kiingereza la dalili, analisikia kama gundi, akaanza kutafuta gundi. Tafsiri ya neno kwa neno haina maana yoyote. Lakini Kiswahili kina mlango wake. Mtoto asikiaye kwa mara ya kwanza "dalili" aweza kudhani ameambiwa "dalali", akazunguka kijiji kizima akitafuta madalali, na kicheko kikawa kikubwa kuliko cha asili, kwa kuwa madalali nao hawakosi. Hali kadhalika katika Bunnicula, paka msomaji amesoma kwamba mnyonya damu huuawa kwa kuchomwa mti moyoni. Maneno mawili ya Kiingereza yenye matamshi mamoja, moja la mti na moja la mnofu wa ng'ombe, yanamchanganya, akaenda kumpigilia sungura kipande cha nyama. Twapendekeza "chango". Chango ni kipande cha mti kilichochongwa na kupigiliwa ukutani cha kutundikia nguo. Na chango ni utumbo pia. Paka wa Kiswahili angefika usiku wa manane, macho yamemtoka, akiburura matumbo ya mbuzi.

Goon ana shida zaidi. Njia rahisi ni kumpa Kiswahili kibovu, kile cha askari wa vichekesho vya redio, na watu watacheka. Lakini kila Kiswahili kibovu kina kabila lake masikioni mwa Wakenya, na kicheko kitaangukia watu wasiohusika. Heri asemeshwe Kiswahili cha ofisi, kirefu, chenye "kwa mujibu wa" na "kuhusiana na", na Buster amkatize katikati ya sentensi asiyoweza kuimaliza. Hank angefaidika kwa lugha hiyo hiyo. Yeye hatasema kwamba alisikia sauti akaenda kutazama. Atasema kwamba mnamo saa tisa na robo usiku, kufuatia fununu zilizoifikia idara yake, alifika katika eneo la tukio akiandamana na msaidizi mmoja, aliyekuwa akichechemea.

Ndipo swali la kimilikishi linaporudi, safari hii kwa sura nyingine. Sally May, akilalamika uani, atasema "mbwa wangu". Hank anapomtaja mama huyo mbele ya Drover atasema "bibi yetu", na bibi, kama rafiki na ndugu, huchukua ya-. Na anapomtaja Drover? Sarufi ya wanadamu yataka "mbwa mwenzangu". Hank, kwa jinsi tunavyomfahamu, hatakubali kutumia neno mbwa kwa mtu wa idara yake.